Kura Mia Mbili na Kumi na Nne

Ukitaka kumjua Ghati, usimtazame Jumapili kanisani amejifunga kitenge chake cha njano. Mtazame saa tatu asubuhi kule Arlington, Marekani, chumbani kwa mzee mmoja askari mstaafu, amemgeuza ubavu na anakikagua kidonda cha kulalia kilichoanza kufunguka nyongani. Kidonda kile anakijua. Anajua kinasafishwa vipi, kinafungwa na nini, na mgonjwa ageuzwe kila baada ya saa ngapi. Miaka kumi na tano alikuwa muuguzi mkunga Musoma, wodi nzima inamwita Sista. Lakini kwa karatasi alizo nazo Virginia, Ghati ni mlezi wa wazee. Anaruhusiwa kuogesha, kulisha na kubadilisha shuka. Kidonda haruhusiwi kukigusa. Anapiga simu kwenye kampuni, anasubiri, na kesho yake anakuja muuguzi, binti wa miaka ishirini na minne, mpole kabisa, anamwambia, "Hani, nishikie hapa."

Na Ghati anashika.

Ndiyo maana mswada ule ulimkaa moyoni kama mwiba. Ulikuwa mswada mfupi tu: muuguzi aliyesomea nje ya nchi aruhusiwe kufanya kazi mwaka mmoja chini ya uangalizi, huku vyeti vyake vinahakikiwa. Ulifika bunge la Virginia miaka miwili mfululizo, na mara zote mbili ukalazwa kwenye kamati, haukuamka. Mmoja wa walioulaza alikuwa mbunge wa jimbo analokaa Ghati mwenyewe, upande ule wa magharibi wa Alexandria wenye maghorofa ya kupanga, pamoja na vilima vinavyofuata. Watu wetu walikuwa wakimwita Mheshimiwa, kwa mazoea ya nyumbani, ingawa hakuna hata mmoja aliyewahi kumwona uso kwa uso.

Mwaka huo akajitokeza mwalimu mmoja mstaafu, mama wa makamo, kushindana na Mheshimiwa kwenye mchujo wa chama, mwezi wa Juni. Mtu aliyekulia Tanzania au Kenya hahitaji kuelezwa mchujo ni nini. Kuna sehemu ukishapitishwa na chama, uchaguzi wenyewe ni kwenda kuapishwa. Jimbo lile ni la namna hiyo. Anayetaka kumng'oa Mheshimiwa amng'oe Juni, maana Novemba ni kupiga mhuri.

Mwalimu alikuja kwenye ukumbi mdogo wa maghorofa, akanywa chai ya tangawizi, akawasikiliza Ghati na rafiki yake Chepngetich. Chepngetich naye alikuwa muuguzi kwao Kericho, na sasa ni mlezi kama Ghati, kampuni ileile. Walipomaliza, Mwalimu alisema, "Nikishinda, huo ndio mswada wangu wa kwanza." Ghati ameahidiwa na wanasiasa tangu yuko kwao Tarime, anajua ahadi inavyonukia. Lakini huyu alitoa kalamu akaandika, kisha akamuuliza mswada wenyewe ulikuwa namba ngapi. Ghati alikuwa na miaka arobaini na saba. Alipiga hesabu: mswada ukipita mwaka ujao, bado ana miaka mingi ya kuitwa Sista wodini.

Kazi ya kugonga milango kuomba kura ilisimamiwa na Cheryl, mama Mmarekani mweusi, mzaliwa wa Alexandria, aliyekwisha kugonga milango miaka thelathini. Akamuuliza Ghati swali moja tu: "Watu wenu ni wangapi?"

"Nipe wiki moja," Ghati akasema.

Sasa hapa ndipo mambo yalipoharibika, na kwa wakati ule kila mtu aliona yanatengenea.

Kwetu jambo halifanyiki bila kamati. Iwe harusi, iwe msiba, iwe mtoto amehitimu, kamati inaundwa, mwenyekiti anapatikana, na mwenyekiti karibu siku zote ni Clement, meneja wa maegesho ya hoteli moja, mtu wa Kilimanjaro mwenye sauti ya mkutano wa hadhara. Kisha listi inaingia kwenye grupu la simu, lile la Familia ya DMV, yaani Washington, Maryland na Virginia kwa pamoja, ambalo lina kila Mswahili kuanzia Laurel hadi mwisho wa reli ya Virginia. Unaijua hiyo listi. Wa kwanza anaandika jina lake na kiasi atakachotoa. Wa pili anainakili yote, anaongeza lake chini, anairudisha. Ikifika asubuhi ina majina arobaini. Hakuna anayependa jina lake likosekane, na hakuna aliyezaliwa bado wa kuandika sifuri.

Ghati akaandika: "Kura za Mwalimu. 1. Ghati – 1."

Clement akafuata, kura tatu. Chepngetich kura mbili. Mama mmoja Mjaluo, Aketch, anayepika chapati za kila sherehe, akaandika kura sita. Wainaina, Mkikuyu wa Laurel asiyeweza kupita bila kutania, akaandika kura tano, na chini yake: "Mbwa akipewa kitambulisho, sita."

Siku ya nne listi ilisimama kwenye mia mbili na kumi na nne.

Ghati aliipeleka kwa Cheryl kama mtu anayepeleka mtoto kubatizwa. Cheryl aliitazama muda mrefu.

"Mia mbili na kumi na nne. Unajua kwenye mchujo wa Juni hizo ni nyingi sana?"

"Najua."

"Na una uhakika?"

"Watu wetu wakisema wanakuja, mama, wanakuja. Nimeona harusi za watu mia sita hapa, haikupungua sahani wala haikubaki."

Basi Cheryl akakunjua ramani. Vijana wa kugonga milango walikuwa wachache na milango mingi. Kama maghorofa yale matano anayokaa Ghati yana kura zake tayari, hakuna haja ya kuyamalizia watu. Akawahamisha wote ng'ambo ya kilima. Ghati akajiona amepewa heshima. Kila jioni alipita kwenye korido zake, milango ya Wahabeshi, ya Waafghani, ya watu wa El Salvador, mingine inanukia vitunguu, mingine watoto wanalia, na hakugonga hata mmoja. Wa nini? Watu alikuwa nao.

Siku ya kura aliomba zamu ya mchana. Saa kumi na mbili asubuhi alikuwa mlangoni pa kituo, wa nne kwenye foleni. Alipotoka alibandika stika yake kifuani, ile ya kusema nimepiga kura, akajipiga picha akaituma kwenye grupu. Wee! Grupu likawaka. Clement na stika, mkewe na stika. Aketch na stika kwenye paji la uso. Wainaina na stika kwenye pua ya mbwa. Saa nane mchana, mzee wake amelala, Ghati alihesabu picha zile kwa kidole akafika tisini na moja, na bado watu wa zamu hawajatoka kazini. Machozi yakamlengalenga. Alijiambia, ama kweli watu wangu ni watu.

Vituo vilifungwa saa moja jioni, na jua la Juni huku bado liko juu. Ghati akaenda kwa Chepngetich. Ugali ulikuwa mezani na sukuma wiki, lakini hakuna aliyekula. Chepngetich alishika simu akasoma matokeo, jimbo moja baada ya jingine, maana ukurasa ule unayapanga yote kwa namba.

"Hili hapa hakuna mchujo, mtu yuko peke yake. Hili hakuna. Hili mama fulani kashinda kwa elfu tatu. Hili hakuna. Haya... letu hili."

"Soma."

"Ngoja, inazunguka."

"Soma, Chepngetich!"

"Mheshimiwa, elfu nne mia tisa na kumi na moja. Mwalimu, elfu nne mia nane hamsini na tatu."

"Vimebaki vituo vingapi?"

"Vimeisha."

Ghati akaisogeza sahani yake pembeni. Halafu Chepngetich, ambaye siku zote ndiye mwepesi wa hesabu, akasema polepole, "Hamsini na nane. Ghati, tumeshindwa na hamsini na nane. Si sisi tulikuwa mia mbili?"

Asubuhi yake Cheryl alimpigia akiwa kwenye basi. Hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililomuumiza Ghati zaidi.

"Mwalimu ameshakubali matokeo. Hataomba kuhesabiwa upya, hesabu haina kasoro. Nimetazama kituo kimoja kimoja. Ng'ambo ya kilima tumeshinda vizuri. Kituo chenu ndicho cha chini kuliko vyote. Jumla ya waliokuja, kwa wagombea wote wawili, mia moja na tisa."

"Haiwezekani."

"Nimesoma mara tatu, hani. Watu wako walikwenda wapi?"

Ghati akaahidi kulitafuta jibu. Akaanza na namba ya kwanza baada ya yake, akaishuka listi nzima. Simu moja moja, kwenye basi, kituoni, jikoni kwa mzee wakati supu inapata moto.

Wainaina alipokea anacheka.

"Pole sana Sista. Aki tulikaza!"

"Wainaina, kura zako tano ulipiga wapi?"

"Kupiga? Mimi niko Laurel, dada. Hiyo ni Maryland. Sisi mwaka huu hatukuwa na uchaguzi wa chochote."

"Na ile stika?"

"Ya mwaka jana. Ilikuwa kwa friji."

"Wainaina. Kama huwezi kupiga, kwa nini uliandika tano?"

Kicheko kilikuwa kimekwisha. "Si ulikuwa umeanzisha listi? Nikuache peke yako?"

Hivyo ndivyo ilivyokuwa, mtu baada ya mtu. Watu wa Laurel, wa Silver Spring, wote wa Maryland, peke yao walikuwa kura sabini na moja. Kumi na mbili zilitoka Washington kwenyewe. Aketch na wanawe watano walipiga kura kweli, stika zao zilikuwa mpya kabisa, lakini Aketch anakaa Arlington. Huko mbunge wao hakuwa na mpinzani, karatasi yao ilikuwa na wagombea wa vyeo vingine tu, jina la Mwalimu halimo.

"Nililitafuta hilo jina mpaka kijana wa kituo akaniuliza kama nina shida ya macho," Aketch alisema. "Nikaona basi, nimpe huyu aliyepo. Chama si ni kimoja?"

"Chama kimoja, jimbo lingine, Aketch!"

"Sasa mimi ningejuaje? Nyinyi mlisema twende tukapige kura. Nimeenda."

Na Aketch hakuwa peke yake. Arobaini na tisa walipiga kura hukohuko Virginia, nje ya jimbo. Mwingine alikuwa ng'ambo ya barabara tu, dirishani kwake unaona maghorofa ya Ghati. Fahmi, dereva wa teksi, mtu wa Mombasa, yeye alikaa ndani ya jimbo kabisa, ghorofa ya juu ya Ghati. Alijibu kwa unyenyekevu.

"Mimi uraia sina, dadangu. Nina kadi ya kijani tu. Nikithubutu kupiga kura wananirudisha kwetu na teksi yangu."

"Najua hupaswi kupiga, Fahmi. Lakini uliandika mbili!"

"Niliandika dua. Yangu na ya mke wangu."

Kura za dua zilikuwa thelathini na tatu. Kumi na mbili nyingine walikuwa raia, ni wakazi, ila zamu iliwakamata, au walisahau, au waliona kwenye grupu stika ni nyingi wakajua imetosha.

Ghati aliandika hesabu nyuma ya bahasha ya hospitali. Zilizobaki, za watu waliosimama kituoni na kumchagua Mwalimu, zilikuwa thelathini na saba. Hasira ilimpanda, na kwa sababu ni mtu mkweli, hasira ile haikukaa kwa Wainaina tu. Yeye ndiye aliyeanzisha listi. Yeye ndiye aliyejua kila mmoja wao anapenda pilipili kiasi gani na hakuwahi kumuuliza anakaa wapi. Angempa Cheryl thelathini na saba, vijana wangebaki, na milango ile ya vitunguu ingegongwa. Kura hamsini na tisa kwenye maghorofa matano! Angezipata jioni tatu, amevaa ndala.

Jumapili baada ya ibada, kwenye ukumbi wa chini wa kanisa, alikuta meza zimepangwa. Pilau. Kachumbari. Chapati za Aketch zimefunikwa kwa foili. Clement amesimama na kipaza sauti ambacho hakukihitaji.

"Hii ni nini?" Ghati akauliza.

"Tunavunja kamati, Sista," Clement akasema, ameshangaa. "Shughuli imekwisha, kamati lazima ivunjwe kwa chakula. Ndiyo utaratibu wetu, hata kwenye msiba tunavunja."

"Mmepika pilau kwa kushindwa?"

"Tumepika kwa umoja! Ndugu zangu, katika historia ya grupu hili haijawahi kutokea listi ya watu mia mbili..."

"Nipe hicho."

Ghati alichukua kipaza sauti. Si mtu wa kusema mbele za watu, na sauti ilimtoka kavu.

"Nina majina hapa. Siyasomi, sitaki kumwaibisha mtu. Nasoma namba. Tuliandika mia mbili na kumi na nne. Tulipiga thelathini na saba. Kwa sababu ya namba yenu, na mimi niliyeipeleka, watu wa kugonga milango waliondolewa kwetu. Tumeshindwa kwa hamsini na nane. Mimi na Chepngetich kesho tunarudi kushikilia bandeji."

Mtoto mmoja aliuliza kwa Kiingereza kama wanaweza kula sasa, mama yake akamziba mdomo.

Aketch akainuka. Alikuwa ameumia, ilionekana. "Ghati, mimi nimekupikia chapati mia. Tungesema hatuwezi, si ungesema tumekutupa?"

"Ningesema. Ningenuna wiki nzima, Aketch. Halafu ningegonga mlango mwingine."

"Basi tusameheane tule," Clement akaingilia. "Yaliyopita si..."

"Sijamaliza, mwenyekiti. Nani hapa ni raia, na anakaa ndani ya jimbo? Jimbo lile, si jirani yake. Kama hujui, usinyanyue."

Watu wakatazamana. Mikono ikapanda polepole, mingine ikashuka, mingine ikasubiri mwenyewe anong'onezane kwanza na mke. Ikasimama mikono kumi na mmoja.

"Jumanne saa nne asubuhi naenda ofisini kwa mbunge. Namtaka kila mmoja wenu aje aseme anakaa wapi na anataka ule mswada."

"Kwa mbunge gani?" mtu akauliza kutoka nyuma.

"Mheshimiwa."

Pakawa na kelele. "Yule aliyetushinda?" "Aliyeulaza mswada?" "Sista, tukamsujudie?"

"Sina mbunge mwingine!" Ghati akasema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ikajaa ukumbi kuliko ya Clement. "Ningekuwa naye mwingine mngenipa Jumanne iliyopita. Ninaye huyo. Kashinda kwa hamsini na nane, naye anajua ni chache. Nataka awaone watu wenye anwani. Sasa mwenye zamu Jumanne aseme sasa hivi nina zamu. Asiyetaka aseme sitaki. Leo sitaki mtu wa kuniunga mkono."

Halafu mkono mmoja ukashuka. "Nina zamu, dada. Samahani."

"Asante."

"Mimi nina daktari wa mtoto."

"Asante."

"Mimi... kusema kweli, naogopa ofisi za serikali."

"Asante. Kaa ule."

Mikono ilizidi kushuka, mmoja mmoja, kila mtu na neno lake. Ilikuwa aibu kuitazama na hakuna aliyeondoa macho. Wainaina, ambaye mkono wake haukupanda kabisa, alikuwa amekaa na sahani tupu mapajani. Ikabaki mikono minne: Chepngetich, Clement, mkewe Clement, na kaka mmoja wa Kisii wa uwanja wa ndege ambaye Ghati hakumjua hata jina.

Wanne. Ghati aliwahesabu mara mbili, kama vile wangeongezeka. Kisha akatoa ile bahasha ya hospitali, akaigeuza, akatafuta nafasi nyeupe pembeni. Alianza na mwenyekiti.

"Jina lote."

"Sista, kweli? Clement."

"Jina lote, Clement. Na mtaa, na namba ya nyumba."

"Si unajua ninapokaa! Umelala kwangu siku ya theluji!"

"Sijui kitu," Ghati akasema, kalamu imesimama juu ya karatasi. "Taja."